Uingie keto au uachane nayo: namna ya kuamua kabla hujatoa hela

Anza na dawa unazomeza, mzani utakuja baadae. Yaani kabla hujauliza keto (ile dayati ya kukata wanga karibu wote, ugali, wali, mkate, inayouzwa kwa chati kwenye magrupu ya WhatsApp) inashusha kilo ngapi kwa mwezi, toa ule mfuko wa famasi kabatini uangalie kila siku unameza nini, maana uamuzi wa kwanza uko humo na watu wengi wanaupita mbio wakikimbilia chati ya chakula.

Mtu wa kisukari anayetumia glibenklamaidi (wengi wanaijua kwa jina la Daonil), au glimepiridi, au insulini, dozi yake ilipangwa kwa mtu anayekula ugali mchana na wali usiku. Ukiviondoa vyote viwili Jumatatu asubuhi alafu ukaendelea na dozi ileile, sukari inaporomoka, unatoka jasho la baridi, mikono inatetemeka, njaa inauma vibaya, maneno yanaanza kupishana, na kama umelala pekeako chumbani hakuna wa kukushtukia. Glukometa (kile kimashine cha kupima sukari) ikisoma chini ya 4 (mmol/L) hapo hakuna cha keto, ni sukari kwenye maji au soda ya kawaida haraka mdomoni. Ila usije ukasoma hivi ukaacha dawa mwenyewe, hiyo nayo imeshapeleka watu wodini. Unaenda kliniki KABLA, unamwambia daktari wiki ijayo nataka kupunguza wanga sana, yeye ndo anapunguza dozi au anaibadilisha na anakwambia upime sukari mara ngapi kwa siku. Metformini ikiwa peke yake huwa haishushi sukari namna hiyo, lakini bado kamwambie.

Kuna zile dawa za siku hizi zinazotoa sukari kupitia mkojo, empagliflozini na dapagliflozini. Hizi na keto hazipikiki chungu kimoja. Zinaweza kukuletea asidi ya ketoni kwenye damu huku glukometa inasoma namba nzuri tu, mtu anajiona yuko sawa kumbe kichefuchefu hakiishi, tumbo linauma, anahema haraka kama aliyekimbia, na hapo ni hospitali siku hiyohiyo, sio kesho. Kama unazitumia usianze keto mpaka aliyekuandikia aseme.

Presha pia ina mambo yake. Ukikata wanga, wiki za mwanzo mwili unatoa maji na chumvi nyingi kwenye mkojo, sasa kama tayari una dawa ya kukojoa unainuka kitandani unaona giza. Na kwa wanaotumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), kujaza matembele na mchicha ghafla kuliko ulivyozoea kunabadilisha jinsi dawa inavyofanya kazi, kwahiyo lazima kile kipimo cha damu kirudiwe. Hilo halimo kwenye chati yoyote ya WhatsApp niliyowahi kuona.

Wengine ni wa kusema hapana bila kujiuliza mara mbili, labda daktari wao awe anawasimamia mguu kwa mguu: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mwenye figo iliyochoka, mwenye shida ya ini au kongosho au mawe kwenye nyongo, mwenye sikoseli (upungufu wa maji kwake ni hatari), mtoto yeyote anayekua, na yule ambaye akishaanza kuhesabu chakula anaishia kujinyima mpaka anaumwa au kujitapisha. Ukiwa humo, jibu lako umeshalipata, ruka mpaka chini nilipoandika njia ya kawaida.

Haya, umepita hapo. Sasa ujue unachotaka kuingia ni nini hasa

Keto sio kitu cha juzi. Mwaka 1921 daktari mmoja wa Mayo Clinic kule Marekani, Russell Wilder, ndo aliipendekeza kama tiba ya kifafa, na mpaka leo hospitali zinaitumia kwa watoto ambao dawa za kifafa zimeshindwa, chakula kinapimwa kwa gramu na kuna wataalamu wanawafuatilia. Na kukata wanga ili kupungua ni kwa zamani zaidi, London huko mwaka 1863 bwana mmoja mwenye biashara ya mazishi, William Banting, alitoa kijitabu kueleza alivyopungua kwa kuacha mkate na sukari na viazi. Kwahiyo ukisikia mtu anakwambia ni mfumo mpya uliofichwa na makampuni ya dawa, jua huyo yuko kazini.

Kinachofanyika ni kwamba wanga unashushwa mpaka gramu 20 hadi 50 kwa siku, mwili unakosa sukari ya kuchoma unaanza kutengeneza ketoni kutoka kwenye mafuta. Gramu 50 zinasikika nyingi mpaka uziweke kwenye sahani. Wali uliopikwa, gramu 100 zina wanga kama 28, na sahani ya mama ntilie inafika gramu 300 kirahisi, hapo ni 84 kwa mlo mmoja. Soda ya 350 ni kati ya 35 na 40. Ndizi mbivu moja ya wastani ni 27. Chai yenye vijiko viwili vya sukari ni 8 au zaidi, na bado hujaweka maziwa. Upande wa pili yai moja halifikishi hata gramu 1, nyama na samaki ni sifuri, parachichi gramu 100 lina kama 9 lakini karibu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki sukari.

Na maharage? Kikombe kimoja yakiwa yameiva ni karibu gramu 40, ukitoa nyuzinyuzi bado unabaki na nyingi. Kwahiyo maharage nje, choroko nje, kunde nje, dengu nje. Hapa ndo pa kusimama ufikirie, kwa sababu maharage ndo protini ya bei ya chini kwenye nyumba nyingi, na dayati hii iliandikwa na watu ambao hawali maharage siku tano kwa wiki.

Kitu kingine ukijue mapema ili usidanganyike, kilo za wiki ya kwanza. Mwili unatunza akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo inashika kama gramu 3 za maji. Ukikata wanga akiba inaisha na maji yake yanatoka, mzani unashuka kilo mbili na ushee kabla hata mafuta ya kitambi hayajaguswa. Ndo maana kila muuzaji anaahidi "kilo 3 ndani ya siku 7", hadanganyi, ila anakuuzia mkojo wako.

Inafanya kazi au haifanyi?

Inafanya. Watu wanapungua kweli, na wenye kisukari cha aina ya pili sukari inashuka kweli, sitaki kujifanya mjuaji hapo. Ishu ni kwamba inafanya kazi sawa na nyingine nyingi ambazo mtu ameweza kukaa nazo. Chuo kikuu cha Stanford kule Marekani walichukua watu 609 wakawagawa makundi mawili kwa mwaka mzima, hawa wapunguze mafuta hawa wapunguze wanga, wote wakiambiwa wale mboga nyingi na waache sukari na vyakula vya viwandani. Majibu yalitoka 2018, wa mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6, yaani tofauti ya maana hakuna. Lakini ndani ya kila kundi kulikuwa na aliyepungua kilo 30 hivi na aliyeongezeka kilo 10, kwa maelekezo yaleyale. Sasa yule wa kilo 30 ndo anawekwa kwenye tangazo, yule aliyeongezeka 10 haombwi picha.

Na kwenye kisukari kuna utafiti wa Uingereza unaoitwa DiRECT, huu watu wanautaja sana bila kusema ulikuwa na nini ndani. Haikuwa keto, walikunywa supu na sheki maalumu za kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu mpaka mitano, wote walikuwa na kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka sita na hakuna aliyekuwa kwenye insulini, dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza lakini chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa imetulia bila dawa, na kati ya waliopungua kilo 15 na zaidi ni asilimia 86. Mwaka wa pili ile 46 ikawa 36. Mi nachukua mambo mawili hapo: uzito uliotoka ndo uliofanya kazi, na kubaki huko ni shughuli kuliko kufika. Kwahiyo mtu akikwambia keto "inaponya kisukari" muulize imetulia kwa muda gani na aliyetulia alikuwa na kisukari miaka mingapi, mwenye miaka kumi na tano na sindano za insulini sio sawa na aliyeambiwa mwaka jana.

Sufuria ya nyumbani

Hapa ndo dayati nyingi zinafia na hapa ndo nataka ukae muda mrefu. Chukua karatasi uandike nani anapika kwenu, nani anatoa hela ya matumizi, na mnakula wangapi. Kama we ndo unapika kwa watu sita na utakuwa unajipikia cha kwako pembeni kila siku, jioni umetoka kazini umechoka, umeshapigwa na foleni ya Mbagala au ya Thika Road, jiulize kweli utapika mara mbili mwezi wa nne? Na kama anapika dada wa kazi au mama mkwe basi uamuzi sio wako pekeako, kamwambie mapema na umwambie vizuri, sio unakaa mezani unasukuma sahani mbele ya mama wa watu aliyekupikia.

Njia rahisi niliyoona inawafaa watu ni kutopika mara mbili kabisa. Mboga inakuwa ileile ya nyumba nzima, matembele ya nazi, kisamvu, bamia, dagaa, kuku, samaki wa kukaanga, we unaacha tu ugali. Lakini hapa pana mtego mmoja ambao haumo kwenye chati yoyote. Kwetu mboga inapikwa ya kusindikizia ugali. Vijiko viwili vitatu vya mchicha na kipande cha samaki vinatosha kwa sababu kinachoshibisha ni lile bonge la ugali. Ukitoa bonge ukabaki na vijiko viwili vya mchicha, saa nne usiku utakuwa jikoni unatafuta mkate. Inabidi mboga yako iwe mara tatu ya ulivyozoea, na kitoweo kiongezeke pia, na hicho kinachoongezeka kinatoka mfukoni kwa mtu.

Kwahiyo piga hesabu ukiwa bado hujalipia chochote. Mayai manne kwa siku ni trei la mayai 30 kila wiki kwa mtu mmoja. Ongeza kitoweo mara mbili kwa siku, parachichi, mafuta, karanga au korosho. Kaulize bei kwenye genge lako na bucha lako, bei za mwezi huu, zidisha kwa wiki 12, alafu utoe hela ambayo ungetumia kwenye unga na mchele kwa mtu mmoja (ni ndogo, utashangaa). Tofauti inayobaki ndo ada halisi ya keto, ile elfu kadhaa ya kuingia kwenye grupu ni chenji tu. Kama tofauti hiyo inatoka kwenye ada ya mtoto au inafanya wengine nyumbani wale ugali na chumvi wakati we unakula supu ya kuku, hapo jibu ni hapana na hakuna aibu yoyote.

Afu ukute chati inakuambia koliflawa ya kusaga kuwa "wali", unga wa lozi, jibini ya mozarela. Tupa hiyo chati. Keto ya dagaa, mayai, kabichi, nyanya chungu, parachichi la Njombe na nazi ipo na inawezekana kabisa, anayekuandikia lozi kanakili mahali. Na watoto wasiingizwe, wao wale chakula chao, usiwape mabaki ya sheria zako.

Swala la mwisho la sufuria ni sinia. Kama mnakula pamoja sinia moja, Zanzibar, Mombasa, nyumba nyingi za pwani, kukaa pembeni na kibakuli chako kila siku kuna uzito wake, wengine hawajali na wengine inawaumiza kuliko njaa yenyewe. We unajijua uko upande gani.

Kalenda

Angalia miezi mitatu inayokuja ina nini. Kama Ramadhani iko humo, ahirisha. Kufunga bila maji kutwa nzima kwenye joto la Dar huku mwili unatoa maji na chumvi kwa sababu ya keto ni kujitafutia kizunguzungu, na futari yenyewe ni tende, uji, magimbi, mihogo ya nazi, sasa unafuturu nini na wenzako? Harusi ya ndugu, kitchen party, arobaini, Krismasi kijijini, zote zinahesabika. Sio kwamba huwezi kupita shughuli bila pilau, ila ukiwa na shughuli kila wiki utakuwa unaingia na kutoka keto kila siku ya tatu, unapata yale maumivu ya kichwa na uchovu wa mwanzo mara kwa mara bila faida yoyote. Safari za basi wala zisikutishe, mayai ya kuchemsha yapo kila stendi, na stendi ya Msamvu pale Morogoro hukosi nyama.

Anayekuuzia

Mchunguze kidogo. Akijiita daktari, madaktari Tanzania wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya wataalamu wa lishe wana taasisi yao KNDI, muombe namba ya usajili, wa kweli anakupa bila kununa. Alafu angalia alichokuuliza yeye. Kama hajakuuliza dawa, ugonjwa, ujauzito wala umri, amechukua tu hela kwa simu na kukutupia PDF, huyo hata akiwa na vyeti ukutani mimi ningemkimbia.

Akianza kusema acha dawa zote ndani ya siku tatu, ondoka. Akisema dayati haifanyi kazi bila vidonge vyake au chai yake ya kukata kitambi, ondoka pia, na hiyo chai usiijaribu. Nyingi kazi yake ni kuharisha tu, na duniani bidhaa za aina hii zimekutwa mara nyingi zimechanganywa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Swali moja la kumuuliza ambalo linachuja wengi: mwezi wa saba nitakuwa nakula nini? Akiwa na jibu la maana, na ratiba ya kurudisha vyakula, hapo unaweza kuongea nae. Akisema "utaendelea tu na nidhamu", hana mpango, ana chati ya siku 21 tu.

Kama bado unataka, jaribu bila kulipa

Wiki moja kula kama kawaida yako lakini andika kila kitu, hata ile nusu andazi ya ofisini, hata maziwa ya chai. Wengi wakimaliza wiki hii wanagundua tatizo lao lilikuwa soda mbili kwa siku na chapati za asubuhi, wala hawakuhitaji keto. Wiki inayofuata chagua siku tatu mfululizo, iwemo ya kazini moja na ya mapumziko moja, ule kikamilifu kama chati inavyotaka (mwenye dawa nilizotaja juu asifanye hata hizi siku tatu bila daktari). Siku tatu hazikupunguzii kitu cha maana, zinakuonyesha tu jikoni kwako, mfuko wako na hasira zako zinakaaje. Kichwa kitauma, utachoka, utakuwa mkali kwa watu, chumvi kidogo kwenye supu na maji ya kutosha vinasaidia, ila mwenye presha, moyo au figo aulize kwanza kuhusu hiyo chumvi. Ukifika siku ya tatu unaona hii naweza, sawa. Ukifika unaota ugali, hiyo nayo ni taarifa.

Kabla ya kuanza rasmi pima vitu vichache uviandike na tarehe: presha, sukari ya asubuhi kabla hujala, kreatinini ya figo, kolesteroli zote, na kwa mwenye kisukari kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Kiuno pima kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu, kwa ujumla kisizidi nusu ya urefu wako, mwenye sentimita 160 abaki chini ya 80. Mi naamini kiuno kuliko mzani kwa sababu ya yale maji niliyosema. Mzani mara moja kwa wiki inatosha, asubuhi, kabla ya chai, mzani uleule. Wa kule famasi na wa nyumbani havilingani na utajipa presha bure.

Weka tarehe ya kuangalia, wiki 12, na uandike kabisa nini kitakufanya uache hata kabla ya hapo: kuzimia au kukaribia kuzimia, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, kutapika kusikoisha, maumivu makali upande wa kulia juu ya tumbo, kidole gumba cha mguu kuvimba na kuuma usiku (gauti, asidi yake huwa inapanda mwanzoni), ujauzito. Choo kigumu sio cha kuacha, ni cha kuongeza mboga na maji. Hedhi ikivurugika kamwone daktari, usisubiri "mwili ujizoeshe".

Na kama jibu ni hapana, njia ya kawaida ipo na haina grupu. Toa vya kunywa vyenye sukari vyote kwanza, hiyo pekeake kwa mnywaji wa soda mbili ni sukari gramu 70 na ushee kwa siku. Nusu ya sahani iwe mboga, robo kitoweo au maharage (haya hapa yanarudi, karibu), robo ugali au wali, na robo ni robo, sio mlima. Chapati na maandazi viwe vya wikiendi. Tembea. Haiuziki kwa sababu haina jina wala picha, lakini dada mwenye watoto watatu na mume anayependa wali wa nazi anaweza kuifanya mwaka mzima, na kwenye tafiti zilizolinganisha dayati kubwakubwa wanaoshika maelekezo yao mpaka mwisho ndo wanaopungua, jina la dayati linabaki nyuma.

Walioingia keto, wiki ya 12 rudia vipimo vilevile. Sukari na mafuta ya traigliseraidi mara nyingi yatakuwa yamekaa vizuri, angalia zaidi LDL (ile kolesteroli mbaya), kwa baadhi ya watu inapanda sana. Ikipanda badili mafuta kwanza, samli na nazi zipungue, alizeti na karanga na parachichi na samaki viongezeke, na majibu uyapeleke kwa daktari, usiyapeleke kwa aliyekuuzia chati maana atakwambia LDL haina shida. Ukiamua kutoka toka taratibu, rudisha aina moja ya wanga kwa mlo mmoja wa siku, anza na maharage au kipande cha kiazi kitamu, kaa hivo wiki mbili, alafu ndo ugali kidogo mchana. Mwenye dawa za kisukari apime sukari mara nyingi zaidi kipindi hiki maana dozi iliyopunguzwa inaweza isitoshe tena. Mzani utapanda kilo moja mbili siku za mwanzo, ni akiba ya wanga inarudi na maji yake, usikimbilie kuanza upya siku hiyohiyo, subiri wiki mbili kisha upime kiuno.